Ndoo, Bomba na Foleni: Karne Moja ya Maji ya Nyumbani

Mtu akitaka kujua jinsi maisha ya kila siku yalivyobadilika nchini Tanzania katika miaka mia moja iliyopita, aghalabu huelekeza macho kwenye vitu vinavyong'aa: redio, baiskeli, taa ya umeme, gari, na hivi karibuni simu ya mkononi. Vitu hivyo vina historia yake. Lakini liko badiliko jingine lisilo na mng'aro, ambalo limegusa kila nyumba bila kubagua, nalo ni namna maji yanavyofika kwenye bilauri ya mnywaji. Kwa mwanasayansi badiliko hilo lina faida ya pekee, kwa kuwa limepimwa kwa lita na kwa dakika. Na vipimo vyenyewe vinaonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii, yaani kwamba safari hiyo haikuwa ya kwenda mbele tu. Kuna kipindi ilirudi nyuma.

Katika miaka ya 1920, Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, karibu maji yote ya nyumbani yalisafiri juu ya vichwa vya watu. Chanzo kilitegemea mahali. Pwani, ambako mwamba wa matumbawe hupitisha maji ya mvua hadi chini, visima vilichimbwa uani na kandokando ya misikiti, na maji yake mara nyingi yalikuwa na ladha ya chumvi. Katika nchi kavu ya Ugogo, kiangazi kilipokaza, akina mama walichimbua mchanga wa mito iliyokauka mpaka maji yakachuruzika. Wachaga walikuwa na mifereji yao, iliyochimbwa kabla ya ukoloni, ambayo iliyateremsha maji ya Mlima Kilimanjaro hadi kwenye migomba. Mabomba yalikuwapo, lakini yalikuwa machache na ya mijini. Katika jambo hilo mji wa Zanzibar ulikuwa umetangulia, kwani Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa amekwisha leta maji ya chemchemi mjini kwa mabomba.

Ndani ya nyumba maji yalikaa katika mtungi. Chombo hiki kimedharauliwa mno na wanaosimulia habari za maendeleo, ilhali ni kifaa cha fizikia kilichokamilika. Udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa moto wa wazi, wa kuni na majani, haufikii joto la kuufanya uzibane kama kioo. Hubaki na vitundu vidogo visivyohesabika. Maji hupenya polepole katika vitundu hivyo, hufika upande wa nje, na hapo hugeuka mvuke. Kila gramu ya maji inayogeuka mvuke huhitaji takriban jouli 2,400, na joto hilo hutolewa na mtungi wenyewe pamoja na maji yaliyobaki ndani. Mtungi wenye lita 20 hauna budi kupoteza kilojouli 84 ili maji yake yapoe kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Robo lita tu ikigeuka mvuke, kiasi cha bilauri moja, kilojouli 600 zimeondoka, nazo zingetosha kuyapoza maji hayo kwa nyuzi 7 kama joto jingine lisingeingia kutoka hewani. Kwa kweli joto huingia, na ushindani baina ya joto linaloingia na linalotoka ndio unaoamua ubaridi wa maji. Ndiyo sababu mtungi hupoza sana Dodoma, penye hewa kavu, na hupoza kidogo Tanga wakati wa masika, ambapo hewa imekwisha kushiba unyevu. Ndiyo sababu pia mtungi uliopakwa rangi ya mafuta kwa ajili ya urembo hupoteza kazi yake: umezibwa pumzi.

Hata hivyo, mtungi ulikuwa na kasoro mbili. Ulikuwa mzito kabla ya kutiwa hata tone la maji, na ukianguka ulivunjika. Mshindani wake alikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeikusudia. Mafuta ya taa yaliyoingizwa nchini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 yalifungwa katika makopo ya bati ya pembe nne, yenye ujazo wa galoni 4 za Kiingereza, yaani zaidi kidogo ya lita 18. Mafuta yalipokwisha, kopo lilibaki. Fundi alilikata upande wa juu, akalipigilia mpini wa mti, na debe likazaliwa. Lilikuwa jepesi, halikuvunjika, na liligharimu senti chache. Likaenea mpaka likawa kipimo cha mahindi, cha mtama na cha chokaa, na bado watu hutaja debe la mahindi katika masoko ambayo kopo la bati halijaonekana kwa miaka mingi. Kitu kimoja tu lilishindwa: halikupoza maji. Kwa hiyo kaya nyingi ziligawa kazi, debe likawa la njiani na mtungi ukabaki ndani, pamoja na kata yake ya kifuu. Baadaye ilikuja ndoo ya plastiki, na baada yake dumu la plastiki lenye kifuniko, ambalo mara nyingi lilianza maisha yake likiwa na mafuta ya kupikia. Mkondo ni uleule: chombo cha biashara kilichomaliza kazi yake huanza kazi ya pili kisimani.

Inafaa kuangalia kwamba ujazo wa vyombo hivi, lita 18 au 20, haukubadilika sana kwa muda wote huo. Kiwanda kingeweza kutengeneza dumu la lita 40 bila shida. Kinachoweka mpaka ni shingo ya binadamu.

Uwezo wa shingo hiyo umefanyiwa utafiti. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya kazi iliyofanywa nchini Kenya na kundi la wataalamu wa fiziolojia, akiwamo Maloiy wa Nairobi. Waliwachunguza wanawake wa Kiluo, ambao hubeba mizigo kichwani, na wanawake wa Kikuyu, ambao huibeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Wanawake hao walitembea juu ya mkanda unaozungushwa na mota, huku hewa ya oksijeni waliyoitumia ikipimwa. Ilionekana kwamba waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili bila oksijeni kuongezeka. Askari wanaobeba mizigo mgongoni hawawezi hivyo. Kwao kila kilo ina gharama yake tangu mwanzo. Maelezo yalipatikana mwaka 1995. Mtu anayetembea hufanana na pendulamu iliyogeuzwa juu chini: katika kila hatua mwili hupanda na kushuka juu ya mguu uliosimama, na nishati ya kimo hubadilishana na nishati ya mwendo. Kwa watu wengi sehemu ya nishati hiyo hupotea katikati ya kubadilishana, na misuli hulazimika kuifidia. Wanawake waliozoea kubeba tangu utotoni hupoteza kidogo zaidi wanapokuwa na mzigo kuliko wanapotembea mikono mitupu.

Ni kosa, hata hivyo, kuyasoma matokeo hayo kana kwamba kubeba maji hakuna gharama. Asilimia 20 ya mwanamke mwenye kilo 60 ni kilo 12. Ndoo iliyojaa ni kilo 20 pasipo kuhesabu chombo chenyewe, na baada ya asilimia 20 za kwanza gharama hupanda kulingana na uzito. Kwa msichana wa darasa la sita mwenye kilo 40, ndoo hiyo ni nusu ya mwili wake. Ustadi wa mwendo hupunguza jasho, haufupishi njia.

Urefu wa njia ndio wenye uzito katika habari hii, na mfano ufuatao unaweza kufanywa darasani. Kuyainua maji lita 1,000 kutoka kisima chenye kina cha meta 30 kunahitaji kilojouli 294. Uniti moja ya umeme ni kilojouli 3,600. Hata pampu na mota yake zikipoteza nusu ya nishati zinayopewa, kazi hiyo yote itatumia chini ya moja ya tano ya uniti. Sasa lita hizohizo 1,000 zibebwe kwa ndoo kutoka bomba lililo umbali wa meta 400: ni safari 50, na jumla ya mwendo ni kilomita 40, nusu yake mzigo ukiwa kichwani. Hakuna kazi nyingine ya nyumbani ambayo tofauti baina ya gharama ya mashine na gharama ya mwili ni kubwa kiasi hicho.

Je, watu walitumia maji kiasi gani hasa? Hadi katikati ya miaka ya 1960 hakuna aliyeweza kulijibu swali hilo kwa uhakika katika Afrika ya Mashariki. Wahandisi walipima maji yaliyotoka mtamboni. Maji yaliyoingia nyumbani kwa debe hayakuwa na dira. Kati ya mwaka 1966 na 1968 mtaalamu wa jiografia Gilbert White, mkewe Anne White, na David Bradley, daktari aliyekuwa akifanya kazi Makerere, waliongoza utafiti katika sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania. Miongoni mwa sehemu hizo zilikuwamo Upanga, Temeke na Chang'ombe katika Dar es Salaam, Dodoma, Moshi, Machakos, Iganga na Tororo. Wasaidizi wao, wengi wakiwa wanafunzi wa vyuo, walikaa nyumbani kwa watu kutwa nzima wakihesabu kila chombo kilichoingia na kila matumizi yaliyofanywa. Kitabu chao kilitoka mwaka 1972.

Matokeo yalikuwa ya kushtua. Nyumba zenye bomba ndani zilitumia wastani wa lita 128 kwa kila mtu kwa siku. Nyumba zisizo na bomba zilitumia takriban lita 11. Huo ni uwiano wa zaidi ya kumi kwa moja, baina ya watu ambao pengine walisali pamoja na kununua samaki katika soko moja. Tafiti zilizofuata zimeongeza jambo jingine. Maji yakiwa mbali kupita nusu saa ya kwenda na kurudi, kila dakika inayozidi hupunguza matumizi. Lakini safari ikipungua kutoka nusu saa hadi dakika chache, matumizi hubaki karibu palepale, na hupanda kwa ghafla pale tu maji yanapoingia uani. Kwa maneno mengine, kulisogeza bomba kutoka meta 800 hadi meta 400 humwokolea mama muda, nalo ni jambo jema sana, lakini si lazima limwongezee maji.

Je, lita hizo za ziada zina maana gani kwa afya? Hapa ndipo Bradley alipotoa mchango ambao pengine ni mkubwa kuliko lita zote alizozihesabu. Kabla yake ilidhaniwa kwamba tatizo la maji ni uchafu wake, na dawa yake ni kuyasafisha. Yeye aliyapanga magonjwa kwa njia ambayo maji huhusika nayo. Yako magonjwa ambayo maji huyachukua tumboni mwao na kuyafikisha kwa mnywaji, kama vile kipindupindu na homa ya matumbo. Yako mengine ambayo hustawi kwa sababu maji ni machache mno kwa kunawa na kuoga, kama vile upele na trakoma, ugonjwa wa vikope unaopofusha. Kuhara kwa watoto kuna miguu katika makundi yote mawili. Kisha iko kichocho, ambacho kiini chake huishi ndani ya konokono wa majini, na humwingia binadamu kupitia ngozi anaposimama majini kuchota au kufua. Mwisho ni magonjwa ya wadudu wanaozaliana au kuuma karibu na maji, kama mbu na mbung'o. Mpango huo ulibadilisha swali. Badala ya kuuliza tu kama maji ni safi, ilibidi kuuliza pia kama yanatosha, yako wapi, na nani anayeyaendea.

Ugumu wa kutegemea usafi peke yake unaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Walichimba vyoo kwa wingi, na pamoja na mengine walifundishwa kuchemsha maji ya kunywa. Fundisho hilo lilikuwa la kweli na bado ni la kweli. Lakini kuyapasha lita 20 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojouli 6,300. Kilo moja ya kuni kavu hutoa kama kilojouli 16,000, nayo meko ya mafiga matatu huifikishia sufuria asilimia 10 hadi 15 tu. Nyingine hupotea hewani. Basi kila ndoo iliyochemshwa imekula kilo 2.6 hadi 4 za kuni, kabla ya ugali kuinjikwa. Mama aliyepunguza kuchemsha hakuwa amelisahau fundisho. Alikuwa amepiga hesabu, na mtu wa kuni alikuwa ni yeye yuleyule mtu wa maji.

Kuhusu magonjwa ya uhaba wa maji, mfano mzuri umo nchini mwenyewe. Wilaya ya Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, imechunguzwa kwa miaka mingi kwa sababu ya trakoma. Vijidudu vya ugonjwa huo huhama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa nguo na kwa nzi wanaofuata makamasi na matongo katika nyuso za watoto. Jaribio lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba watoto walionawishwa uso kwa kudumu, baada ya kijiji kutibiwa kwa dawa, walikuwa na nafuu katika trakoma kali. Lililo la kuvutia zaidi ni lile watafiti waliloligundua walipozungumza na wazazi. Katika nchi ambayo ndoo moja inaweza kugharimu saa mbili, maji ya kunawisha uso yalihesabiwa kuwa anasa, na watu waliamini kwamba yanahitajika mengi. Ilipoonyeshwa hadharani kwamba lita moja, ikimwagwa kwa uangalifu, yaosha nyuso za watoto wengi, mjadala ulibadilika. Tabia ya watu haikuwa ujinga. Ilikuwa namna ya kuweka akiba, iliyoshika mahali pasipofaa.

Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, wanakoishi Wamakonde ndugu wa wale wa Newala, utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulilinganisha kijiji chenye bomba na kijiji kisicho nalo. Chenye bomba kilitumia maji zaidi ya mara mbili, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ilikwenda katika kuoga, kuwaogesha watoto na kufua. Wanawake wake waliokoa zaidi ya saa moja kwa siku. Waliitumia kupika, kupumzika na kukaa na watoto. Wapangaji wa maendeleo hupenda kusikia kwamba muda uliookolewa umekwenda shambani, nao hawakufurahi sana kuona neno kupumzika katika jedwali. Lakini mtu aliyebeba maji tangu akiwa na miaka saba ana haki ya kulitumia.

Serikali ya Tanzania ilikuwa imekwisha amua. Mwaka 1971 ulitangazwa mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi yasiyozidi meta 400 kutoka kwake. Nchi chache barani zilikuwa na lengo la wazi kiasi hicho. Visima vilichimbwa, matangi yakajengwa, pampu za dizeli zikasimikwa, mara nyingi kwa msaada wa Sweden na mataifa mengine, na maji ya vijijini yakawa ya bure. Dar es Salaam nayo, iliyopata mtambo wa Ruvu Juu mwaka 1959, iliongezewa wa Ruvu Chini katikati ya miaka ya 1970.

Kisha hesabu zikaanza kwenda kombo. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni. Na pampu ya kijijini haihitaji tu kusimikwa, huhitaji dizeli kila wiki na vipuri kila mwaka. Kipuri kilichotakiwa kutoka Ulaya hakikununuliwa kwa shilingi. Pampu moja baada ya nyingine ilinyamaza. Wakati huohuo watu waliongezeka. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 nchini, ile ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Dar es Salaam ilitoka watu wasiofika 300,000 hadi kupita milioni 5.3.

Mwaka 1997 watafiti walirudi katika sehemu zilezile 34 na kupima upya. Ni mara chache sana sayansi ya jamii hupata nafasi ya kurudia kipimo mahali palepale baada ya miaka 30, na kwa hiyo matokeo yake yanastahili kusomwa polepole. Nyumba zisizo na bomba zilikuwa zimeongeza matumizi kwa karibu maradufu, jambo la kufurahisha. Lakini nyumba zenye bomba zilikuwa zimeshuka kutoka lita 128 hadi lita 66. Mwaka 1967 karibu zote zilipata maji usiku na mchana; mwaka 1997 zilizopata hivyo zilikuwa zaidi ya nusu kidogo tu. Na mijini, mtu asiye na bomba, ambaye mwaka 1967 alitumia wastani wa dakika 28 kwa siku kutafuta maji, mwaka 1997 alitumia dakika 92.

Takwimu hiyo ya mwisho yaweza kumchanganya msomaji. Mabomba ya mitaani yaliongezeka, umbali haukurefuka, iweje muda uzidi mara tatu? Jibu ni foleni. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango kwamba kila kituo cha maji kihudumie watu 250, kila mmoja apate lita 25 kwa siku, tena katika meta 400. Jumla yake ni lita 6,250. Bomba linalotoa lita 10 kwa dakika hujaza ndoo kwa dakika 2, na ili liwatosheleze watu hao halina budi kutiririka mfululizo kwa saa 10 na dakika 25. Maji yakitoka kwa mgao, tuseme saa 4 kwa siku, zaidi ya nusu ya ndoo zitarudi tupu au zitalala kwenye mstari. Ramani itaonyesha kwamba lengo la meta 400 limetimia. Saa ya mama itaonyesha kitu kingine. Mhandisi anayepima umbali peke yake amepima sehemu iliyo rahisi.

Tangu wakati huo mambo mengi yamerekebishwa. Sera ya mwaka 1991 iliachana na maji ya bure na kuwataka watumiaji wachangie. Mwaka 2019 uliundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Pampu za nguvu ya jua zimeliondoa tatizo la dizeli katika vijiji kadha wa kadha, na mahali pengine bomba hufunguliwa kwa kadi iliyolipiwa kabla. Mitambo ya Ruvu imepanuliwa. Hata hivyo mto una kiasi chake: mwezi Oktoba 2022 Ruvu ulipopungua kwa ukame, jiji zima liliingia katika mgao, na mkokoteni wa madumu ukarudi hata katika mitaa iliyokuwa imeusahau. Jambo la kuangaliwa ni kwamba wasukuma mikokoteni hiyo, na madereva wa maboza, karibu wote ni wanaume. Maji ya nyumbani ni kazi ya wanawake mpaka yanapopata gurudumu na bei.

Mgao nao umezaa mazoea yake. Nyumba yenye bomba leo ina pia tangi la plastiki, pipa uani, na safu ya madumu jikoni. Maji yaliyotoka mtamboni yakiwa na klorini huikosa polepole yakikaa, hasa chombo kikiwa wazi na kikombe kikichovywa kwa mkono. Aidha, mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengi, huchagua maji matulivu ya aina hiyo. Hutaga mayai kwenye kuta za chombo juu kidogo ya maji, na mayai huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja chombo kijazwe tena. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kumwaga maji hakutoshi kuyaondoa mayai hayo; sharti kuta zisuguliwe, na pipa lifunikwe.

Shule ya sekondari haihitaji maabara ili kuiendeleza kazi iliyoanzwa mwaka 1966. Inatosha kila mwanafunzi awe na karatasi yenye safu nne, aijaze nyumbani kwa siku saba, pamoja na Jumamosi, ambayo ndiyo siku ya kufua. Katika safu ya kwanza aandike ujazo wa kila chombo kilichoingia, katika ya pili saa kilipoondoka na saa kiliporudi, katika ya tatu matumizi ya maji yenyewe. Darasa likiwa na wanafunzi 40, wiki moja itatoa kumbukumbu za kutosha kuchora mchoro wa lita dhidi ya dakika, na kuona kama mstari wake unalala mahali ulipolala ule wa watafiti wa mwanzo. Safu ya nne ni ya aliyekwenda kuchota: umri wake, na kama ni msichana au mvulana.